Mota ikigoma: Kabla ya kuisuka, isikilize inasema nini

Kwa msagaji wa Kisenyi na mchuuzi wa mpakani, kosa moja la fundi linaweza kula mtaji wa msimu mzima. Darubini za angani zinaonyesha namna ya kutafuta ugonjwa hatua kwa hatua.

KAMPALA – Katika vinu vya mahindi vya Kisenyi, katikati ya Kampala, hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba mashine imesimama. Kelele inayofunika mazungumzo siku nzima hukatika, wapakiaji huketi juu ya magunia, na dereva wa lori linalosubiri mzigo huanza kupiga simu. Lori hilo huenda linakwenda Elegu kwa wanunuzi wa Sudan Kusini, au Busia, au Mpondwe kuelekea Kongo. Kila saa linapokaa, kuna mtu anayelipa.

Fundi akiitwa, hukumu mara nyingi hutoka haraka: mota imeungua, ifunguliwe, ikasukwe upya. Mwenye mashine, akiwa na mzigo wa watu mkononi, hukubali. Siku mbili tatu baadaye mota inarudi, inafungwa, inawashwa, na wiki hiyo hiyo inaungua tena. Kumbe ugonjwa haukuwa ndani ya mota. Ulikuwa kwenye waya uliolegea katika boksi la umeme, au kwenye beringi ya kinu, au kwenye mahindi mabichi yaliyonyeshewa mvua.

Hasara hiyo haimwangukii msagaji peke yake. Wafanyabiashara wanaovuka Mutukula, Malaba, Busia na Katuna hubeba mota za kila aina: za vinu, za pampu za maji, za misumeno ya mbao kama ile ya Ndeeba. Mteja akirudisha mota iliyoungua, ubishi wa nani alipe huanza, na kwa kawaida anayeshindwa ni yule asiyeweza kueleza kilichoiunguza.

Somo kutoka angani

Mfano mmoja mzuri wa kutafuta ugonjwa wa mota bila kukurupuka unatoka mbali na Kisenyi. Oktoba 5, 2018, darubini ya anga ya Hubble, iliyorushwa Aprili 1990, ilijiweka yenyewe katika hali ya tahadhari na kuacha kazi. Kifaa kimoja kinachoisaidia kujua inageukia wapi kilikuwa kimekufa.

Kifaa hicho huitwa jairoskopu. Ndani yake kuna gurudumu linalozungushwa na mota mara 19,200 kwa dakika. Gurudumu limo ndani ya kopo lililozibwa, na kopo lenyewe linaelea katika kimiminika kizito kama oili ya injini. Umeme hupita humo kwa nyaya nyembamba kuliko unywele.

Hubble ilikuwa na jairoskopu sita zilizofungwa na wanaanga Mei 2009, katika safari ya mwisho ya matengenezo. Kufikia siku ile ya Oktoba, tatu zilikuwa zimekufa. Ya akiba, iliyokuwa imezimwa kwa zaidi ya miaka saba, ilipowashwa ilizunguka, lakini ilitoa vipimo vya ajabu: ilidai darubini inageuka kwa kasi kubwa kuliko hali halisi. Hakuna fundi aliyeweza kupanda kwenda kuifungua. Vyombo vilivyokuwa vikipeleka wanaanga huko vilistaafishwa mwaka 2011.

Wahandisi wa NASA walianza na jaribio jepesi kuliko yote, lile ambalo kila mtu mwenye redio mbovu analijua. Oktoba 16 walizima jairoskopu kwa sekunde moja na kuiwasha tena kabla gurudumu halijapunguza mwendo. Haikusaidia. Walihisi huenda kuna kitu kimekwama kwenye kile kimiminika kizito, kwa hiyo Oktoba 18 waliigeuza darubini upande mmoja, kisha upande wa pili, huku wakiibadilisha jairoskopu kutoka hali moja ya upimaji kwenda nyingine. Vipimo vikashuka. Kabla mwezi haujaisha, Hubble ilirudi kazini.

Hatua zao zilikuwa na mpangilio. Walianza na lisilogharimu kitu. Walibadilisha jambo moja, wakatazama matokeo, ndipo wakaenda kwenye jambo la pili. Hawakutangaza kifo cha kifaa kwa sababu tu kimetoa dalili mbaya.

Kuna jambo la pili kwenye historia ya jairoskopu hizo. Katika zile za zamani, nyaya nyembamba zilikuwa zikiliwa na kutu hadi kukatika. Watengenezaji hawakuishia kubadilisha waya. Waliuliza kutu imetoka wapi, wakagundua kwamba kimiminika kilisukumwa ndani kwa hewa ya kawaida, na hewa ya kawaida ina oksijeni. Wakaacha hewa, wakatumia naitrojeni. Kusuka mota bila kuuliza kilichoiunguza ni sawa na kubadilisha ule waya na kuiacha hewa ile ile.

Anza kwenye umeme

Mashine nyingi za kusaga zinazotumia umeme wa gridi zina mota ya fezi tatu. Nchini Uganda umeme wa fezi tatu ni volti 415, na wa fezi moja ni volti 240. Kabla mtu hajagusa mota, fundi anapaswa kupima kama fezi zote tatu zinafika, na kama volti zake zinakaribiana. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakihitaji kufungua hata skrubu moja ya mota.

Kukosa fezi moja ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa mota. Ikikosekana kabla ya kuwasha, mota hunguruma bila kuzunguka. Mtu asiyejua huendelea kubonyeza swichi, au huuvuta mkanda kwa mkono ili kuisaidia. Ikikosekana wakati mota inazunguka, hali ni ya hatari zaidi kwa sababu mota haisimami. Huendelea kuvuta kinu kwa fezi mbili zilizobaki, ampea zinapanda, joto linapanda, na baada ya muda varnishi ya nyaya inaanza kunuka.

Fezi hupotea kwa sababu ndogo: fyuzi moja iliyokatika, waya uliolegea kwenye kontakta, ncha ya kontakta iliyoungua na kuwa nyeusi, au hitilafu kwenye nguzo ya mtaani. Tatizo likiwa upande wa nguzo, mteja hana ruhusa ya kulishughulikia. Tangu Aprili 1, 2025, baada ya mkataba wa miaka 20 wa Umeme kumalizika, shirika la serikali la UEDCL ndilo linalosambaza umeme Kampala, na huko ndiko taarifa inapopelekwa.

Mlinzi wa mota ni kifaa ambacho mafundi hukiita ovalodi. Kazi yake ni kukata umeme pale ampea zinapozidi kiwango kwa muda. Kinapaswa kuwekwa kwenye namba ya ampea iliyoandikwa kwenye kibati cha mota. Kwa mfano, mota ya kilowati 7.5, yaani farasi 10, kwenye volti 415 huvuta takribani ampea 14 au 15 ikiwa na mzigo kamili. Mtu akiona ovalodi inakata kila mara, kishawishi ni kuipandisha hadi 20 au kuifunga kwa waya ili isikate tena. Hapo amemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele alipomwona mwizi.

Kuna tabia nyingine inayoua mota taratibu: kuwasha na kuzima mara nyingi kwa muda mfupi. Mota inapoanza kuzunguka huvuta ampea mara tano hadi nane ya kiwango chake cha kawaida. Ikianzishwa mara nne au tano mfululizo bila kupoa, joto la kila mara hujilundika juu ya lililotangulia. Kama umeme unakatika na kurudi, ni afadhali kusubiri utulie kuliko kukimbizana nao.

Mzigo mzito na mahindi mabichi

Umeme ukiwa sawa, swali linalofuata ni kama mota inavuta kitu kizito kuliko inavyopaswa. Jibu hupatikana kwa kuvua mkanda. Mota ikizunguka vizuri ikiwa peke yake na ampea zikawa chini, ugonjwa uko upande wa kinu. Ikigoma au kunguruma hata bila mkanda, na fezi zote zipo, ndipo mota yenyewe inashukiwa.

Upande wa kinu kuna mambo manne ya kutazama. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hukandamiza beringi za mota hadi zinakufa, na uliolegea huteleza, hunuka na kupoteza nguvu. Puli zisizokaa mstari mmoja hula mkanda upande mmoja. Beringi iliyokauka grisi hupiga kelele ya kukwaruza. Shafti ikizungushwa kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa, mkono huhisi inakwama. La nne ni chujio lililoziba.

Chujio likiziba kila baada ya muda mfupi, tatizo linaweza kuwa ndani ya gunia. Mahindi yenye unyevu hayavunjiki vizuri. Hugandamana, hujaza chujio, na kinu kinakuwa kizito. Ampea za mota hupanda, ovalodi inakata, na lawama zinaenda kwa mota ambayo haina kosa.

Hapa ndipo mota inapotoa habari ambayo mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kuisikia mapema. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu unaopenda nafaka yenye unyevu, isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Katikati ya mwaka 2023 malori yaliyotoka Uganda yalizuiwa upande wa Sudan Kusini kwa sababu hiyo hiyo.

Kinu kinacholemewa hakithibitishi kwamba kuna sumu. Kipimo cha maabara ndicho kinachothibitisha. Lakini msagaji ambaye mita yake ya ampea imepanda kwa gunia la mteja mmoja na kushuka kwa gunia la mwingine ameshapata sababu ya kutoa kipima unyevu kabla unga haujapakiwa kwenye lori. Mahindi yakionekana mabichi Kisenyi, yanaweza kuanikwa. Yakionekana mabichi Elegu, ni mzigo mzima ulio hatarini, pamoja na gharama ya lori kusimama.

Zima kilichougua, usifunge duka

Agosti 24, 2022, wahandisi wa darubini ya anga ya James Webb, iliyo umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, waliona jambo ambalo kila fundi wa Katwe angelielewa. Katika chombo chake kiitwacho MIRI kuna gurudumu linalozungushwa ili kuchagua aina ya mwanga wa kuchunguza. Siku hiyo gurudumu lilihitaji nguvu zaidi kuliko kawaida ili kugeuka. Kwa lugha ya karakana, lilianza kuwa zito.

Wangeweza kuendelea kulilazimisha. Hawakufanya hivyo. Chombo hicho kina njia nne za kufanya kazi, na gurudumu lile linahusika na moja tu. Walisimamisha ile moja, zile tatu zikaendelea, na Septemba 6 wakaunda kamati ya uchunguzi. Ilionekana kwamba chanzo kilikuwa msuguano uliozidi kati ya sehemu za beringi ya katikati chini ya hali fulani. Hakukuwa na namna ya kwenda kubadilisha beringi, kwa hiyo wakaandaa utaratibu mpya wa kulitumia gurudumu bila kulichosha. Walilijaribu mwanzoni mwa Novemba, na kabla ya katikati ya mwezi huo kazi ilirudi.

Kwa mwenye mashine, somo liko kwenye dalili. Beringi haifi siku moja. Kwanza joto hupanda kidogo, kisha sauti hubadilika, kisha ampea huongezeka. Aliyesimama wakati wa dalili ya kwanza hununua beringi. Aliyelazimisha hadi mwisho hununua mota, kwa sababu beringi ikivunjika, rota huanza kugusa na kukwaruza stata, na hapo hata kusuka huenda kusisaidie.

Mwenye vinu viwili au vitatu anaweza kufanya kama watu wa Webb: kukisimamisha kile kinacholalamika na kusukuma kazi kwa vilivyobaki, hata kama foleni itarefuka. Kinachowashinda wengi ni kuogopa mteja aondoke leo, na kusahau kwamba mota ikiungua wataondoka wote kwa wiki nzima.

Mota ikifunguliwa, mwenyewe awepo

Ikithibitika kwamba umeme ni mzuri na mzigo ni wa kawaida, sasa ni zamu ya mota. Bado hakuna haja ya kukata nyaya. Fundi hupima ukinzani wa makundi matatu ya nyaya. Namba zinapaswa kukaribiana. Kisha hupima kama umeme unavuja kwenda kwenye chuma cha mota, kwa kipimo kinachotuma volti 500. Kwa mota za aina hii, kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, si salama kuiwasha. Lakini hata hapo jibu linaweza kuwa unyevu tu. Mota iliyokaa stoo msimu wote wa mvua inaweza kukaushwa kwa joto la polepole na kupimwa upya.

Mota ndogo za fezi moja, kama za pampu na mashine za dukani, zina mshukiwa wake wa kwanza: kapasita. Mota ikinguruma bila kuanza, lakini ikaendelea vizuri baada ya kusukumwa, kapasita huenda imekufa. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na gharama ya kusuka. Kapasita huweza kushika umeme hata baada ya kuzimwa, hivyo haipaswi kuguswa na asiyejua kuitoa chaji.

Na ikiwa kweli imeungua, mwenye mota ana haki ya kuiona kabla fundi hajakata nyaya, kwa sababu rangi ya nyaya hueleza kilichotokea. Zikiwa zimeungua zote kwa usawa, mota ilizidiwa na mzigo, au volti ilikuwa chini, au feni ya kuipoza ilikuwa imevunjika au kuziba kwa unga. Zikiwa baadhi ya makundi ni meusi na mengine ni safi kabisa, mota ilikosa fezi. Kwa mota iliyounganishwa kwa mtindo wa nyota, makundi ya fezi mbili huwa meusi na ya fezi moja safi. Kwa iliyounganishwa kwa mtindo wa pembetatu, ni ya fezi moja yanayoungua na ya mbili yanabaki.

Picha moja ya simu iliyopigwa wakati huo inaweza kumaliza ubishi kati ya muuzaji wa Kampala na mnunuzi wa Bukoba au Kisumu. Mota iliyoungua kwa kukosa fezi haikuuzwa mbovu. Iliuawa kule ilikofungwa. Iliyoungua sehemu moja ndogo, huku kwingine kukiwa safi, inaweza kuwa na kasoro ya kusukwa, na hapo mnunuzi ana hoja.

Mota inayosukwa upya inapaswa kurudishiwa waya wa unene ule ule na mizunguko ile ile. Waya wa alumini ni wa bei nafuu kuliko wa shaba, lakini hupitisha umeme kwa shida zaidi. Ukiwekwa kwa unene ule ule badala ya shaba, mota hupata joto zaidi. Mafundi wana kanuni ya muda mrefu kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza nusu ya maisha ya ukinga wa nyaya. Ni haki ya mteja kuuliza waya gani umetumika na kuandikiwa kwenye risiti.

Soma kibati kabla ya kutoa pesa

Msafiri anayekwenda Mutukula hupita Kayabwe, mahali barabara ya Masaka inapovuka ikweta na watu husimama kupiga picha. Wenye darubini ndogo za kutazama nyota wanajua maana nyingine ya mstari huo. Darubini nyingi zenye mota ya kufuata nyota husimama juu ya kitako ambacho mhimili wake lazima uelekee kwenye ncha ya anga, ambayo mota huuzunguka mara moja kwa takribani saa 23 na dakika 56. Ulaya ncha hiyo iko juu angani. Kampala, iliyo karibu kabisa na ikweta, ncha hiyo iko chini kwenye upeo wa macho. Vitako vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya nchi za kaskazini haviwezi kulala chini kiasi hicho. Mota ni nzima, gia ni nzima, lakini chombo hakifanyi kazi kwa sababu kilitengenezwa kwa ajili ya kwingine.

Mota za viwandani zina mtego wa aina hiyo, na umeandikwa kwenye kibati. Namba ya kwanza ya kusoma ni hezi. Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini zote hutumia umeme wa hezi 50. Marekani hutumia 60. Japan, ambako vitu vingi vilivyotumika hutoka, imegawanyika: upande wa Tokyo ni 50, upande wa Osaka ni 60. Mota ya hezi 60 ikifungwa Kampala huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na kama volti haikupunguzwa kwa kiwango hicho, hupata joto kuliko ilivyokusudiwa.

Namba ya pili ni volti. Mota nyingi kutoka China zimeandikwa 380. Kwenye 415 hufanya kazi, lakini ziko ukingoni, na umeme ukipanda zaidi zinaumia. Mota ya fezi tatu iliyoandikwa 200 au 220 peke yake haipaswi kuunganishwa moja kwa moja na 415 hata kwa majaribio.

Jambo la tatu haliandikwi kila mara, nalo ni mahali mota itakapofanya kazi. Viwango vya kimataifa huchukulia mwinuko usiozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na joto lisilozidi nyuzi 40. Kampala iko kwenye mita kama 1,200, Kigali zaidi ya 1,500, na Kabale hufika karibu 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi na hupoza mota kidogo kuliko hewa ya chini. Juba iko chini, lakini joto la kiangazi huko hukaribia nyuzi 40. Anayeuza mota Kabale au Juba ni afadhali amshauri mteja achukue iliyo kubwa kidogo kuliko mzigo, kuliko ile inayotosha kwa shida.

Mpakani: mota si mahindi

Wafanyabiashara wadogo wanaufahamu utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao huruhusu mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kupita kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zinazotokana na nchi wanachama na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mahindi ya Masindi yanaweza kuingia humo. Mota iliyotengenezwa China au Japan, hata ikinunuliwa Kampala kwa risiti halali, haigeuki kuwa bidhaa ya Uganda. Asiyelijua hilo hupiga hesabu ya faida bila ushuru, kisha huikuta hesabu nyingine kwenye dirisha la forodha.

Mota inayovushwa kwenda kusukwa na kurudi nayo inahitaji uangalifu wake. Kibati huwa na namba ya kipekee. Mwenye mota akimweleza ofisa wa forodha kabla ya kuvuka, namba hiyo ikaandikwa kwenye karatasi anayobaki nayo, ana kitu cha kuonyesha wakati wa kurudi kwamba hii ni ile ile, si mpya. Kibati kilichong'olewa au kupakwa rangi humwondolea ushahidi huo, na humfanya pia mnunuzi wa baadaye asijue ananunua nini.

Hubble yenyewe haikupona milele. Jairoskopu ile ile iliyofufuliwa mwaka 2018 ilianza tena kutoa vipimo vya uongo, na Juni 2024 NASA ilitangaza kwamba darubini itafanya kazi kwa jairoskopu moja, nyingine nzima ikiwekwa akiba. Lakini zilikuwa zimepatikana zaidi ya miaka mitano ya kazi kutoka kwenye kifaa ambacho kingeweza kuhesabiwa kimekufa ndani ya wiki moja.

Vinu vya Kisenyi havina kamati za uchunguzi. Vinaweza kuwa na daftari la shule lililotundikwa karibu na swichi, lenye tarehe, volti za fezi tatu, ampea za mota ikiwa na mzigo na ikiwa haina, siku beringi ilipotiwa grisi, na jina la fundi aliyeifungua mara ya mwisho. Siku mashine itakaponyamaza na lori likiwa nje, fundi atakayeitwa ataanzia kwenye ukurasa huo, na mwenye mashine ataweza kumuuliza amepima nini kabla ya kumruhusu akate waya.